Kichochezi Hakikati

Ukitaka kujua alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, nenda kaulize parokiani, kule wanapenda kuandika. Mimi nilimjua kama Prof, kwa sababu kwetu Baraka, mji wa kando ya ziwa, yeyote anayeshika chaki mbele ya wanafunzi wa sekondari ni Prof, hata kama suruali yake inaomba msamaha magotini. Alinifundisha biolojia, na baadaye, kwa bahati yangu nzuri mno, nikaolewa kwenye parseli, yaani kiwanja, iliyopakana na yake, upande wa ziwa. Kwa hiyo nilimaliza shule lakini sikumaliza masomo. Niliendelea kuanika ndakala zangu, dagaa wa ziwani, uani huku yeye akiendelea kunifundisha juu ya ua wa matete.

Alikuwa na somo moja tu. Programu ya serikali ilikuwa na mengi, mahindi, chura, damu, mimba, na yote aliyapitia mbio mbio kama mtu anayewahi kuanua nguo kabla ya mvua. Halafu anafika pale alipokuwa anapataka tangu mwezi wa tisa, anavuta pumzi, anafuta tablo kwa mkono wa koti lake, anachora pipa.

Pipa lenyewe liko ndani ya kila seli ya mwili wako, ukubali usikubali. Kazi yake ni kukata protini zilizochoka au zilizokunjika vibaya, na vipande vinarudi kutumika kujengea protini mpya. Mdomo wa pipa umefungwa, maana lingekaa wazi lingemla mwenye nyumba. Lazima awepo wa kufungua. Wafunguaji wako wa aina kadhaa, lakini Prof alimpenda mmoja, protini inayotengenezwa kwa maelekezo ya jeni moja iliyokaa kwenye kromozomu ya kumi na saba, jeni inayoitwa PSME3, jina ambalo mimi ningelidhania namba ya pikipiki. Vipande saba vinavyofanana vinashikana duara, duara linakaa juu ya mdomo wa pipa, mlango unafunguka. Basi. Wakubwa wa sayansi wanaiita activateur. Prof aliwahi kufundisha kambini ng'ambo, Tanzania, wakati sisi sote tulikuwa wakimbizi, akarudi na Kiswahili cha kupiga pasi, kwa hiyo yeye aliiita kichochezi.

"Kichochezi kinafanya nini?" aliuliza, akinitazama mimi.

"Kinakata protini, Prof."

"Wa dirishani, kaa chini. Kichochezi hakikati. Kinafungua."

Mwaka uliofuata aliniuliza tena, maana nilikuwa nimerudia darasa kwa sababu ya malaria na ya uvivu, nikajibu vilevile, akanikalisha vilevile. Nadhani hilo ndilo jambo pekee tulilolifanya kwa ukamilifu, mimi na yeye.

Jina langu hakulijua. Alituita sote kwa mahali tulipokaa. Mimi ni wa dirishani hadi leo, nina wajukuu na bado ni wa dirishani. Kuna mwenye maboti mmoja pale bandarini, mtu wa tumbo na simu mbili, akipita wapagazi wananyamaza. Prof alimkuta anagomba na watu wake, akamwita mbele yao: "We wa nyuma karibu na ndoo, sauti." Tajiri wa watu akateremsha sauti. Hata motari wa pikipiki waliombeba aliwauliza walikaa wapi, na kama walisoma Lulimba au Kilembwe alionyesha masikitiko, kama vile huko seli hazina mapipa.

Kuhusu inspekta wa shule, hadithi yake imesimuliwa sana na kila mtu ameiongezea chumvi, lakini mimi nilikuwepo. Inspekta alitegemea kukuta somo la chura. Alikuta wanafunzi saba wameshikana mikono duara mlangoni pa klasi, na Prof amesimama katikati ya klasi akisema kwamba hapa ndani ndimo mwenye visu. Inspekta akataka kupita. Prof akamwambia, kwa heshima zote, kwamba protini haipiti ikiwa imejikunja, lazima kwanza ikunjuliwe, kwa hiyo monsieur l'inspecteur avue koti, aondoe na lile begi kwapani. Joto lilikuwa kama la mwezi wa tisa. Mzee wa watu akavua. Akapita kwenye duara, mikono juu, na klasi nzima ikapiga makofi. Baadaye alikaa kwenye benchi la mbele akiwa na shati lililolowa, akaandika kwamba nidhamu ni ya wastani. Prof alisema huyo alikuwa protini ngumu.

Basi ungedhani mtu kama huyo, anayehubiri kukata cha zamani ili kujenga kipya, nyumba yake ingekuwa safi kama sahani ya mgonjwa. Mganga hajigangi. Parseli yake ilikuwa kaburi la vitu ambavyo havijakubali kufa. Kulikuwa na mashine ya boti iliyokwama tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Kulikuwa na frigo ambayo haikuwahi kuonja umeme, kuku wakatotolea ndani yake. Redio zisizosema, viatu visivyo na wenzake, jerikani zilizopasuka, mlingoti wa antena, benchi za shule zenye mguu mmoja. Ukimuuliza, anasema: "Itasaidia."

"Ndani ya hii nyumba," mke wake aliniambia, "kitu kinatokaka ni mi peke yangu, nikienda soko."

Huyo mke tulimwita Mama Prof. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kifua kibovu tangu kambini, akicheka anakohoa na akikohoa anacheka, kwa hiyo hujui umpe pole au umsaidie kucheka. Aliuza mafuta ya mawese karibu na meza yangu. Mimi ni wa msikitini, wao ni wa misa, lakini Idi walikula kwangu na Noeli nilikula kwao, na siku zote mbili Prof alitufundisha. Kuchinja kuku alimwachia mke. Alisema hawezi kuangalia. Mtu wa visu na mapipa, anageuzia kuku mgongo.

Sasa ziwa.

Mnajua wenyewe Tanganyika limetufanya nini miaka hii. Halikuja kwa kelele. Lilikuja kama mgeni anayesogeza mkeka kidogo kidogo mpaka mwenye nyumba anajikuta nje. Bandu bandu huisha gogo. Kwanza lilichukua pale tulipokuwa tunaanika ndakala, halafu choo cha jirani wa mbele, halafu jirani mwenyewe akahama. Tukajifunza kazi mpya hapa Baraka, kubomoa nyumba kabla ziwa halijaibomoa. Unaanza na manjanja, ndiyo mabati kwa wengine. Halafu mbao, misumari unainyoosha juu ya jiwe, halafu madirisha, halafu matofali ya kuchoma moja moja, yote yanapanda pusipusi, mikokoteni ya kusukuma, kwenda mlimani, na kule nyumba inasimama tena, ndogo kidogo, imepinda kidogo, lakini ni ileile. Ukichelewa, ukuta unalala ghafla, manjanja yanakunjika kama karatasi ya mandazi, na mbao zinakwenda zao Kalemie bila nauli.

Lakini kuna desturi. Njanja la kwanza linang'olewa na mwenye nyumba kwa mkono wake. Majirani wote wanaweza kuja, na wanakuja, na nyundo zao na kamba zao, lakini wanangoja. Akishateremsha la kwanza, hapo ndipo wengine wanapanda. Nyumba iliyofunguliwa paa na mtu mwingine ni nyumba ya marehemu, au ya mtu aliyekimbizwa. Hakuna anayetaka kumwangushia mwenzake mkosi huo. Hata mtoto wako wa kuzaa hawezi.

Unaona basi tulipofika. Ua wa matete kati yangu na Prof ulikwenda na maji. Mimi na mume wangu tulibomoa yetu, tukahamia juu, barabara ya kwenda Fizi. Prof naye alikuwa na parseli huko juu, jirani na sisi tena, maana Mungu hachoki kunipenda. Msingi ulikuwa tayari, Mama Prof aliusimamia mwenyewe. Kilichobaki ni mzee kupanda ngazi na kung'oa njanja moja.

Tulikwenda asubuhi, watu wazima na nyundo. Mama Prof akatupikia bugali na sombe ya majani ya muhogo, tukala. Prof akatoka na koti, akatushukuru kwa kuja, akasimama kwenye ngazi ya mlango, akatueleza habari za pipa. Akasema seli isiyobomoa inazibwa na takataka zake yenyewe mpaka inakufa. Akasema kubomoa si uharibifu, kubomoa ni nusu ya kujenga. Tukaitikia. Nilidhani sasa anapanda. Akasema tungoje kidogo, ziwa linaweza kurudi, akaingia ndani. Tukaosha mikono, tukaenda zetu.

Tukarudi juma lililofuata. Tukala. Akatufundisha. Nakwambia, wavuvi wa upande ule leo wanajua mambo ya protini kuliko wauguzi. Maji yalikuwa yameingia jikoni, yeye akaanza kuinua vitu vyake juu ya matofali, mashine ya boti, frigo na kuku wake. Kitanda akakiinua mwisho. Mama Prof akawa analala juu kama mzigo wa lori, na chini yake maji yanalamba miguu ya kitanda, na usiku mzima kikohozi. Alinyauka mbele ya macho yetu. Sokoni alishindwa kuinua bidoni la mafuta, nikawa namwinulia.

"Mama Prof, njoo ulale kwangu," nilimwambia.

"Nikikuja kwako, ye atabakia mule, nyumba itamwangukia. Niko namungojea." Akakohoa, akajifuta mdomo na kanga. "Mi siko naogopa kufa, mama. Naogopa kufia mu mayi. Unasikia? Nataka tu fasi ya kukauka."

Mahali pakavu tu. Nilikasirika. Siwezi kusema vingine. Nilitoka pale sokoni na miguu yangu ya tope, nikamkuta Prof amekaa juu ya frigo, miguu kwenye maji, anasahihisha madaftari ya wanafunzi.

"Prof, ng'oa njanja."

"Wa dirishani. Kaa."

"Nitakaa wapi, pote ni ziwa. Mama anaumia. We umetufundisha maisha yetu yote kufungua, sasa fungua."

Aliweka kalamu sikioni. Nilitegemea pipa. Sikupata pipa.

"Siku tulirudia kutoka Tanzania," akasema, na Kiswahili chake cha kupiga pasi kikawa kimemvuka, "nilikuja mbele, peke yangu, kuangalia nyumba. Ile ya zamani, ya kule katikati. Nilikuta kuta. Manjanja yote balikuwa balishang'oa. Nilisimama mu chumba yetu nikaona mawingu. Mule njo mulimufia mutoto wetu wa kwanza, mu ile chumba, mbele ya kukimbia. Na majani ilikuwa imeota pa fasi ya kitanda." Akatazama manjanja juu yetu. "Nilijenga hii na mikono yangu. Niliapa sitaona tena mbingu nikiwa mu nyumba yangu."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Miaka yote hiyo nilimcheka kwa redio zake na viatu vyake, na sikuwahi kujiuliza ni nani aliyemfundisha kwamba ukitoa macho kwenye kitu, unakuta hakipo. Nilimwonea huruma. Lakini hasira yangu haikuondoka, ilikaa palepale pembeni ya huruma. Nikamwambia mbingu zile zilifunguliwa na wezi, hizi atazifungua yeye, na kwamba mtoto aliyekufa hatafufuka kwa kumuua mama yake. Nilisema hivyo hivyo. Akachukua kalamu yake sikioni, akasahihisha.

Nilipopanda kwenda nyumbani, nilikuta Mama Prof amekaa kwenye msingi wake mtupu, kikapu miguuni, anapumzika. Nikamweleza. Alisikiliza yote, akasema ile hadithi ya mawingu anaijua, kila mvua anahadithiwa. Halafu akaniuliza kitu.

"Desturi inasema nini juu ya mulango?"

"Mlango gani?"

"Mulango. Paa inang'olewaka na mwenyewe. Na mulango?"

Nikafikiri. Desturi haikusema kitu juu ya mlango. Hakuna aliyewahi kuanza na mlango, nani anaanza na mlango.

Asubuhi yake tulikwenda na nyundo kama kawaida. Bugali haikuwepo. Mama Prof alikuwa ameshika koleo, anachomoa misumari ya bawaba za mlango wa mbele, anakohoa, anachomoa. Tulitaka kumsaidia, akatufukuza kwa koleo. Ulikuwa mlango mzito wa mninga, kitu kizuri pekee ndani ya parseli ile. Ulipotoka ukamlemea, akausimamisha, akajiinamisha, akauweka kichwani juu ya ngata. Mwanamke mgonjwa. Akageuka, akapita katikati yetu akiwa amebeba mlango wa nyumba yake, akashika njia ya kupanda. Pale barabarani pikipiki zilisimama.

Prof akatoka. Akasimama kwenye uwazi, akagusa mahali bawaba zilipokuwa. Wimbi dogo likaja, likampita miguuni likaingia ndani bila kubisha. Kuku mmoja akatoka kwenye frigo, akapita na yeye.

"Amefungua," akasema. Hakuwa anatuambia sisi.

Nyumba isiyo na mlango si nyumba, hata mjinga anajua. Akavua koti. Kumbuka, huyu mtu sijawahi kumwona bila koti, hata kwenye maziko. Akanipa mimi nimshikie, akachukua ngazi, akapanda taratibu kama anayepanda kwenye kichwa cha mtu. Njanja la kwanza lilikuwa la juu ya chumba chao. Aling'oa msumari, akang'oa mwingine, akalivuta, na jua likaingia mule ndani mara moja, likaangaza kitanda juu ya matofali yake na maji chini. Alikaa pale juu akiangalia chini kupitia ule uwazi. Alikuwa analia na hakujificha. Halafu akaliteremsha njanja, mwenye maboti, wa nyuma karibu na ndoo, akalipokea.

"Mupande," Prof akasema.

Tulipanda. Mpaka jioni paa lilikuwa limekwisha, na kesho yake mbao na nusu ya matofali. Ukuta wa nyuma ulilala siku ya tatu, na mashine ya boti ukaenda nayo, na redio na viatu. Hakuna aliyelia kwa ajili ya viatu.

Nyumba ya juu ilisimama kabla ya mvua kubwa, chumba na sebule. Manjanja yaleyale, yenye matundu ya misumari ya zamani yaliyozibwa kwa lami. Mlango wa mninga ulikuwa mrefu kuliko fremu, ikabidi ukatwe. Prof aliukata mwenyewe, na tulisimama kuangalia kwa sababu hatukuwa na imani. Aliukata vibaya. Mpaka leo chini yake panya anapita bila kuinama.

Mama Prof aliishi humo mvua moja. Alikufa mwezi wa nne, mchana, amefunikwa blanketi kavu.

Juzi nilipita kwa Prof na bakuli la pilau ya Idi. Amezeeka, amestaafu, lile koti sasa linamvaa yeye. Uani hakuna kitu, umefagiwa, huwezi kuamini. Alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, mlango umesukumwa wazi, na mgongo ameuegemeza pale kwenye ubao. Nilimwambia ahamie ndani, upepo wa ziwa mbaya. Hakuhama. Akapokea bakuli, akalifunua, akalifunika.

"Wa dirishani. Kichochezi kinafanya nini?"

Nikacheka. Nilitaka kumjibu kama zamani, tutaniane, anikalishe. Nikashindwa.

"Kinafungua mlango, Prof."

Akaitika kwa kichwa. Alipapasa ubao ule nyuma yake, pale kwenye alama za koleo.

"Alifia pakavu," akasema. "Sasa kaa."